MIINA SILLANPÄÄ: MTUMISHI WA NYUMBANI ALIYEFIKA BUNGENI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka mdahalo wa muhula uliopita, uliofanyika katika ukumbi wa chakula siku ya Jumamosi usiku. Hoja ilikuwa hii: kwamba wanawake wakiwa wengi Bungeni, wanawake wa kawaida nao watapata kazi zilizo nyingi na zilizo bora. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilikuwa nimejitayarisha kwa wiki mbili, na maneno nilikuwa nayo tele. Lakini alisimama msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mtu mpole ambaye hasemi sana, akaniuliza swali moja tu. Alitaka kujua, huyo mbunge mwanamke amemfanyia nini mwanamke mwenzake anayebaki nyumbani kwake akimfulia nguo na kumlelea watoto. Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza. Nami nilinyamaza pamoja nao. Kura zilipohesabiwa tulikuwa tumeshindwa vibaya.

Swali lile liliniuma kuliko kushindwa kwenyewe, kwa sababu ninaye dada yangu mkubwa ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Amefanya kazi katika nyumba za watu mjini tangu alipomaliza darasa la saba. Ndoo yangu, shuka zangu mbili na sanduku ninaloandikia juu yake sasa hivi, vyote vimetoka katika mshahara wake. Basi siku ya pili yake nilimwendea mwalimu wetu wa Historia nikamweleza yaliyonipata. Akanitajia jina la mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, ambaye mimi sikupata kulisikia kamwe, ingawa kwao hapana mtoto wa shule asiyelijua. Habari zake ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Jina lake lilikuwa Miina Sillanpää, na nchi yake ni Ufini, iliyoko kaskazini kabisa mwa Ulaya, katikati ya Uswidi na Urusi. Huko majira ya baridi ni marefu, na maziwa huganda hata mtu huweza kuyavuka kwa miguu. Alizaliwa tarehe 4 Juni, mwaka wa 1866, katika wilaya ya Jokioinen, kusini magharibi ya nchi. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, nao walikuwa na watoto tisa. Jina alilopewa lilikuwa Vilhelmiina Riktig. Jina la Sillanpää alijichagulia mwenyewe alipokwisha kuwa msichana mkubwa, na maana yake katika lugha yao ni mwisho wa daraja.

Mwaka aliozaliwa haukuwa mwaka mwema. Mazao ya Ufini yaliharibika, na mwaka wa 1867 baridi ilichelewa kuondoka, kisha ikarudi mapema na kuua nafaka ikiwa mashambani. Njaa ikaja, na nyuma yake maradhi. Watu walichanganya unga na magamba ya miti ili wapate kuoka mkate. Zaidi ya watu laki moja walikufa katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu milioni mbili. Miina alikuwa mtoto mchanga tu katika miaka hiyo, naye akaishi. Sisi tunaosoma historia ya watu wakubwa mara nyingi twaona kwamba walianza kwa bahati fulani, kama baba tajiri au mwalimu mwema. Huyu bahati yake ya kwanza ilikuwa kutokufa.

Alipofika umri wa miaka kumi na miwili aliandikwa kazi katika kiwanda cha pamba cha Forssa, kisichokuwa mbali na kwao. Hebu fikirini wenzangu, umri ule sisi tulikuwa darasa la sita tukigombania mipira ya kuruka kamba. Elimu aliyoipata ilikuwa kidogo tu, katika shule ya watoto waliofanya kazi hapo kiwandani. Kisha akafanya kazi katika kiwanda cha misumari. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi aliondoka kwao akaenda mjini Porvoo, na baadaye Helsinki, ambao ndio mji mkuu, akawa mtumishi wa nyumbani.

Hapa yanipasa kueleza jinsi utumishi ulivyokuwa katika nchi hiyo, maana bila ya kulijua jambo hili hatuwezi kuyaelewa maisha yake. Watumishi wa Ufini walitawaliwa na amri iliyotolewa mwaka wa 1865. Kwa amri hiyo mtumishi alifungwa na bwana wake kwa mwaka mzima, wala hakuweza kuondoka katikati ya mwaka kwa hiari yake. Mwaka wa watumishi ulimalizika mwanzo wa mwezi wa Novemba, na hapo walipata wiki moja ya mapumziko, ndiyo wiki ya kutafuta bwana mwingine au kupatana upya na yule yule. Bwana alikuwa na mamlaka juu ya mtumishi wake mfano wa mamlaka ya baba juu ya watoto. Saa za kazi hazikuwa na hesabu. Msichana wa kazi aliamka kuwasha moto kabla ya watu wa nyumba kuamka, akalala baada ya wao kulala, na mara nyingi kitanda chake kilikuwa jikoni. Akishika mimba, hata kama aliyempa mimba ni mtu wa nyumba ile ile, alifukuzwa.

Na kazi hiyo haikuwa ya watu wachache. Msichana maskini wa shamba aliyetaka kuishi mjini, karibu mlango wake wa pekee ulikuwa mlango wa jikoni la mtu. Kwa hiyo tusiseme kwamba wanawake wa Ufini hawakuwa wakifanya kazi mpaka Bunge lilipowafungulia njia. La, walifanya kazi sana. Lililokosekana ni kazi yao kuhesabiwa kuwa kazi. Mwenye kiwanda alijua kwamba ana wafanya kazi, lakini bibi mwenye nyumba alisema ana msichana tu.

Miina alitumika katika nyumba za watu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1898 wasichana wa kazi wa Helsinki waliunda chama chao, naye akawa miongoni mwa wale walioongoza. Haukupita muda akawa kiongozi wake, na uongozi huo aliushika kwa muda wa karibu miaka hamsini. Mwaka wa 1900 chama kilifungua nyumba katika mji ule, ambamo msichana aliyefukuzwa, au aliyefika kutoka shamba na kifurushi chake asijue pa kwenda, aliweza kupata malazi, na papo hapo kutafutiwa kazi kwa bwana asiyekuwa mbaya. Miina ndiye aliyekuwa msimamizi. Baadaye, mwaka wa 1905, wakatoa gazeti lao wenyewe, na mhariri akawa yeye. Mtu aliyesoma shule ya kiwandani akawa mhariri wa gazeti! Mhariri wa gazeti letu hili ana mkopo wa kamusi tatu za maktaba, na bado makosa hupita (naomba asilifute neno hili).

Nalieleza jambo la chama kwa sababu katika mdahalo wetu pande zote mbili tulisahau. Tulisema kana kwamba Bunge ndilo linaloanza, kisha watu hufuata. Kwa Miina haikuwa hivyo. Chama kilitangulia kwa miaka tisa, na watu waliompeleka Bungeni walikuwa wamemjua tayari, kwa kuwa aliwatafutia kazi na mahali pa kulala.

Sasa tuje kwenye siasa. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru. Ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi, aliyeitwa Tsar, tangu mwaka wa 1809. Baraza la kutunga sheria lilikuwako, lakini lilikuwa la watu wa madaraja manne: wakuu wa ukoo, makasisi, watu wa mijini wenye mali, na wakulima wenye mashamba yao. Mfanya kazi hakuwa na sauti humo, sembuse mtumishi wa kike. Mwaka wa 1904 na 1905 Urusi ilipigana na Japani ikashindwa, na ghasia zikaenea katika dola yote. Mwishoni mwa Oktoba 1905 Ufini nzima iligoma. Treni zilisimama, viwanda vikafungwa, na watumishi wa nyumbani nao walikuwamo katika mgomo, hata mabibi wengine ikawabidi kuwasha meko kwa mikono yao wenyewe. Tsar Nicholas wa Pili, alipoona hana nguvu ya kushindana na kila mtu kwa mara moja, akakubali mageuzi.

Sheria mpya ilitiwa sahihi mwezi wa Julai 1906. Madaraja manne yalifutwa, na mahali pake pakawekwa Bunge moja la watu 200. Kila mtu aliyetimiza umri wa miaka ishirini na minne, mume kwa mke, isipokuwa wachache waliozuiliwa na sheria, aliweza kupiga kura, na pia kuchaguliwa. Wanawake wa Ufini wakawa wa kwanza katika Ulaya kupiga kura ya kuchagua Bunge la nchi yao. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Machi 1907, na wanawake kumi na tisa walichaguliwa, nao ndio wabunge wanawake wa kwanza katika dunia nzima. Tisa kati yao walikuwa wa chama cha Social Democrats, yaani chama cha wafanya kazi. Miina Sillanpää alikuwa mmoja wa hao tisa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini.

Nimejaribu mara nyingi kuiwaza siku ya kwanza waliyoingia wote. Katika wale kumi na tisa alikuwako Lucina Hagman, mwalimu mkuu wa shule, mwanamke aliyesoma sana. Alikuwako Alexandra Gripenberg, ambaye ni mtoto wa ukoo wa mabaroni, na mwandishi wa vitabu. Na hapo hapo alikuwako Miina, ambaye maisha yake yote alikuwa amewafungulia mlango na kuwapokea makoti watu wa namna hiyo. Walikuwa wanawake wote, lakini wengine walikuwa na wasichana wa kazi majumbani mwao, na mwingine alikuwa ndiye msichana wa kazi. Hapo ndipo nilipolikumbuka swali la yule mwenzetu wa Kidato cha Tatu. Naona alikuwa na haki ya kuuliza. Kuwa mwanamke peke yake hakumfanyi mbunge akajua habari za jikoni kwa mwingine. Ilitakiwa aingie mtu aliyetoka huko.

Miina aliingia na shauri la watumishi mkononi. Alitaka ile amri ya 1865 ifutwe, na saa za kazi za mtumishi zijulikane. Msidhani kwamba alisimama siku moja akanena vizuri, na sheria ikapita. Bunge lile lilikuwa changa, na Tsar hakulipenda. Sheria yo yote ilihitaji kibali chake, na Bunge lilipomchukiza alilivunja. Kati ya mwaka wa 1907 na 1911 uchaguzi ulifanywa mara tano! Wabunge walikuwa hawajapata joto katika viti vyao wakarudishwa kuomba kura tena. Miina naye aliingia akatoka, akaingia tena, na ukijumlisha vipindi vyake vyote vyafika miaka thelathini na minane, hata alipostaafu mwaka wa 1947.

Isitoshe, wabunge wengi walikuwa ni mabwana wenye watumishi. Wakulima wakubwa waliogopa kwamba mtumishi akiwa na saa maalum, nani atawakamua ng'ombe alfajiri? Nadhani hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya shauri la watumishi kuchelewa kuliko mashauri mengine yote ya wafanya kazi. Mwenye kiwanda ni mmoja na wafanya kazi ni mia, kwa hiyo wakigoma anasikia. Lakini mtumishi wa nyumbani ni mmoja na bwana ni mmoja, tena wanakaa chini ya paa moja, na mlango ukifungwa hakuna anayeona.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, na mwezi wa Januari 1918 Wafini walianza kupigana, upande mmoja Wekundu, ambao wengi wao walikuwa wafanya kazi na watu wa mashamba maskini, na upande wa pili Weupe. Miezi mitatu na zaidi waliuana ndugu kwa ndugu, na wengine wengi walikufa kwa njaa na maradhi katika kambi za wafungwa baada ya vita. Wekundu walishindwa. Miina alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi, lakini hakukubali njia ya silaha, wala hakujiunga na uasi. Wenzake kadhaa aliokuwa nao Bungeni walifungwa au walikimbilia Urusi. Yeye alibaki, akawa katika wale waliokiinua tena chama kilichovunjika. Sipati shida kuamini kwamba ilimchoma moyo, maana waliofungwa walikuwa rafiki zake. Lakini alirudi Bungeni akaendelea na shauri lile lile.

Mwaka wa 1922 Bunge lilitunga sheria mpya ya mapatano ya kazi, na amri ya zamani ya watumishi ikafutwa. Miaka kumi na tano ilikuwa imepita tangu 1907. Hata hivyo ushindi haukuwa kamili. Sheria ya kazi ya saa nane kwa siku, iliyotungwa mwaka wa 1917, iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Fundi wa kiwanda alijua saa ya kurudi kwake, lakini msichana wa jikoni hakuijua.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo lilinishangaza, nami nalieleza ili muone jinsi mambo yanavyoweza kwenda kinyume. Tangu 1907 mwanamke wa Ufini aliweza kuketi Bungeni na kutunga sheria za nchi nzima. Lakini akitaka kazi ya afisa wa serikali, ofisi nyingi zilikuwa za wanaume, na yeye ilimpasa kuomba kibali maalum cha kusamehewa, yaani kusamehewa kuwa mwanamke! Hali hii iliendelea mpaka sheria ya 1926 ilipowafungulia wanawake ofisi za serikali. Na mke aliyeolewa alikuwa chini ya uangalizi wa mumewe kisheria, mpaka sheria mpya ya ndoa ilipoanza kutumika mwaka wa 1930. Wabunge wanawake wa vyama mbalimbali, matajiri na maskini, walilishika shauri hilo la ndoa tangu Bunge la kwanza. Katika mambo mengine walipingana sana, lakini katika hilo walivuta kamba upande mmoja.

Desemba 1926 chama cha Social Democrats kiliunda serikali, na Waziri Mkuu Väinö Tanner akamchagua Miina Sillanpää kuwa waziri wa pili katika Wizara ya Mambo ya Jamii. Alikuwa na umri wa miaka sitini, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika historia ya Ufini. Serikali ile ilidumu mwaka mmoja tu, ikaanguka Desemba 1927, naye akarudi kwenye kiti chake cha kawaida. Ningependa kuandika kwamba baada yake mlango ulibaki wazi, lakini ukweli ni kwamba ulifungwa. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla mwanamke wa pili hajaingia katika baraza la mawaziri. Hata idadi ya wanawake Bungeni haikupanda kama ngazi. Walikuwa 19 mwaka wa 1907, wakafika 25 mwaka wa 1908, na mwaka wa 1930 walikuwa wamepungua kuwa 11. Katika mdahalo wetu msemaji wa pili wa upande wangu alidai kwamba wakianza kuingia huzidi daima. Tulikosea.

Kazi ambayo Wafini wengi humkumbukia ni ile ya wasichana waliozaa bila kuolewa. Tangu siku za nyumba ya watumishi alikuwa amewaona wakifika mlangoni, mimba kubwa, kazi hakuna, na kwao hawawezi kurudi kwa aibu. Mtoto akizaliwa alipelekwa kulelewa na watu wengine, na mama akarudi kutafuta nyumba ya kutumika kana kwamba hapakutokea kitu. Miina alitaka pawepo nyumba ambamo mama na mtoto wake wangekaa pamoja miezi ya kwanza, mama ajifunze kumlea, apate nguvu, kisha asaidiwe kupata kazi bila ya kumpoteza mtoto. Alilisema jambo hili kwa miaka mingi. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo, iliyoitwa Ensi Koti, yaani Nyumba ya Kwanza, ilifunguliwa Helsinki mwaka wa 1942, nchi ikiwa vitani. Mwaka wa 1945 ukaundwa umoja wa nyumba hizo, na baadaye zikaenea katika miji mingine.

Sheria ya kuwasaidia akina mama waliojifungua nayo ilipitishwa mwaka wa 1937, yeye akiwa Bungeni. Mwanzo ilikuwa kwa mama maskini tu, na tangu 1949 ikawa kwa kila mama, mradi awe amekwenda kupimwa mapema. Wengi wao hupokea msaada huo kama sanduku, ndani yake mna nguo za mtoto na shuka, na sanduku lenyewe laweza kuwa kitanda chake. Sisi wa bweni twajua thamani ya sanduku.

Nirudi kwa watumishi. Mwaka wa 1947 Miina aliliacha Bunge, akiwa na umri wa miaka themanini na zaidi. Na mwaka wa 1949, akiwa nje ya Bunge, ndipo ilipopitishwa sheria ya kazi ya watumishi wa nyumbani, iliyoweka taratibu za kazi yao na mapumziko yao. Hesabuni wenyewe: tangu 1907 hata 1949 ni miaka arobaini na miwili. Msichana aliyekuwa mtumishi wakati Miina anaingia Bungeni mara ya kwanza, alikuwa bibi kizee sheria ilipofika. Na wakati huo wasichana wengi wa Ufini walikuwa hawaitaki tena kazi hiyo, maana viwanda, maduka, maofisi na mahospitali yalikuwa yamewafungulia kazi nyingine. Tena mwaka wa 1973, Miina akiwa amekwisha kufa, Bunge lilitunga sheria iliyozilazimisha halmashauri za miji na wilaya kuweka mahali pa kulelea watoto mchana, ili mama apate kwenda kazini. Wanawake Bungeni walikuwa wengi zaidi wakati huo. Siwezi kusema ni wao tu waliofanya hivyo, maana wanaume walipiga kura pia, na nchi ilihitaji wafanya kazi. Lakini naona si rahisi jambo la nani ambaye atabaki na mtoto kuwa shauri la Bunge, kama katika Bunge hakuna hata mmoja aliyepata kuulizwa swali hilo nyumbani kwake.

Miina Sillanpää hakuolewa. Alifariki dunia Helsinki tarehe 3 Aprili 1952, umri wake ukiwa miaka themanini na mitano. Mwaka wa 1968 palisimamishwa katika mji huo sanamu ya kumkumbuka, iliyofanywa na Aimo Tukiainen. Si sanamu ya mwanamke, wala ya mtumishi mwenye ufagio. Ni mwenge. Mwalimu aliponiambia hivyo nilicheka, maana sisi nasi tunao wetu, na kila mwaka tunapangwa mstarini juani kuungojea. Na tangu mwaka wa 2016, kila tarehe 1 Oktoba, bendera ya Ufini hupandishwa nchi nzima kwa ajili yake. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka wa 2023, kati ya wabunge 200 wanawake walikuwa 92.

Kabla ya kuandika habari hizi kwa gazeti nilimwandikia dada yangu barua ndefu, nikamweleza yote, tangu kiwanda cha pamba mpaka uwaziri. Nilitumaini atafurahi. Alikuwa ameahidi kuja kunitazama siku ya wazazi, lakini hakupewa ruhusa. Jibu lake lilinifikia wiki iliyopita, mistari sita tu, kwa kuwa huandika usiku watu wakisha kulala. Hakuuliza juu ya uwaziri wala juu ya sanamu. Aliuliza kama ile sheria ya 1949 ilisema kitu juu ya siku ya Jumapili. Mwalimu wa Historia ameniahidi kunisaidia kuitafuta, nami nikiipata nitamwandikia.